Tulimzika Bibi Jumamosi, Jumatatu Simu Yake Ikamwita Daktari wa Ng'ombe

Bibi yangu tulimzika Jumamosi, hapo hapo nyumbani, upande wa migomba.

Jumatatu asubuhi ikaingia pikipiki mpaka uani. Ni daktari wa ng'ombe. Hata kofia hajavua.

"Hodi wenyewe! Nimeitwa haraka. Bibi Elisifa yuko wapi?"

Vichwa vyote vikamgeukia.

Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa chini ya turubai la msiba, lilikuwa halijashushwa bado. Kina mama walikuwa jikoni na masufuria. Mimi nilikuwa nimebeba trei ya vikombe, nikabaki nimesimama hivyo hivyo.

"Daktari," mama yangu akasema taratibu, "umeitwa na nani?"

"Na yeye mwenyewe. Ombi limeingia leo asubuhi. Nilikuwa kwa mteja hapo juu, nikaona jina lake na alama nyekundu ya haraka, nikawasha pikipiki. Huyu bibi hajawahi kunisumbua bure."

Mama Bernadetha, jirani yetu, akadondosha mwiko.

"Yesu wangu! Elisifa tumemfukia juzi!"

Daktari akavua kofia. Akaangalia turubai, akaangalia kaburi lenye maua, uso ukambadilika kabisa.

Aisee, sitaki kukumbuka ile sura.

Niwaambie kwanza sisi ni kina nani ndiyo muelewe kwa nini ile pikipiki nusura itufukuze nyumbani.

Tunakaa Marangu. Naitwa Rachel, niko kidato cha tatu. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, najibu moyoni.

Mama yangu, Aikaeli, ndoa yake ilivunjika nikiwa darasa la nne. Akarudi kwao, kwa Bibi, na mimi nikaja naye. Hapo kwa Bibi kuna kihamba, yaani migomba na kahawa ya ukoo, nyumba, na ng'ombe mmoja wa maziwa anaitwa Lulu.

Sasa kwetu kihamba ni cha mtoto wa kiume. Na mtoto wa kiume wa Bibi ni mmoja tu, Mjomba Yoramu. Anakaa Moshi mjini, ana duka la vifaa vya ujenzi.

Bibi akiwa hai hakuna aliyetugusa. Bibi akishafumba macho, mama ni nani pale? Dada mtu aliyeachika. Basi.

Na ile Jumatatu kilikuwa kikao cha ukoo. Mjomba alikuwa ameshasimama, ameshaongea. Ng'ombe auzwe, mnunuzi kutoka Himo yuko njiani. Nyumba ifungwe. Mimi na mama turudi kwa baba yangu.

Kwa baba yangu kuna mke mwingine na watoto watatu. Mjomba anajua.

Mama hakujibu kitu, maana Mjomba alishamfunga mdomo tangu msibani. Bibi alifariki Jumanne, akiwa peke yake. Mimi nilikuwa shule, mama alikuwa sokoni. Tulimkuta mchana amelala kwenye majani ya ng'ombe nje ya banda, simu ameifunga kwenye kitenge. Hospitali wakasema ni moyo.

"Mlikuwa wawili hapa," Mjomba alisema mbele ya watu wote, "na mama yangu akafa kama hana mtu."

Hayo maneno mama alikuwa analala nayo na kuamka nayo.

Basi ndiyo daktari anaingia katikati ya hicho kikao.

Jina lake Remigius, kijana tu wa kama miaka thelathini, ana duka la dawa za mifugo hapo Marangu Mtoni. Akapeana mikono na wazee.

"Shikamooni. Poleni sana. Mnisamehe, wiki yote iliyopita nilikuwa mji wa Mkuu kwenye chanjo ya mifugo, nimerudi jana usiku. Sikupata habari."

"Sasa nani kakuita?" Mjomba akauliza.

"Sijui, mzee. Labda mmetumia simu ya Bibi. Ngoja kwanza nimwone mgonjwa, haya mengine tutajua."

Akaenda bandani. Tukamfuata karibu wote. Akamshika Lulu masikio, akampima joto, akamsikiliza tumbo. Lulu anacheua zake, anamwangalia tu.

"Huyu mzima kabisa," akasema. "Mmeniitia nini?"

Hapo Mjomba akageuka. Hakumwangalia daktari. Alituangalia sisi.

"Nilijua tu. Aikaeli, hii kazi yako na mwanao."

"Kazi gani, Yoramu?"

"Nimesema ng'ombe anauzwa, mara anakuja daktari, ng'ombe mgonjwa! Ili mnunuzi akifika aambiwe huyu ana ugonjwa, akimbie. Na nani alikuwa fundi wa simu ya mama? Si huyu hapa?"

Kidole kikanijia mimi.

Nikaishika trei kwa mikono miwili.

"Kutumia jina la marehemu!" Mjomba anazidi kupandisha. "Kaburi halijakauka! Leo hii mnafungasha, hamlali hapa."

Watu wakaanza kunong'ona. Nikaona Mama Bernadetha, ambaye siku zote huniita mwanangu, ananiangalia kama ananitafuta pembe.

"Mimi sijatuma," nikasema. Lakini nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Daktari akatoa simu yake.

"Mzee, tusigombane. Hapa kuna sauti pia, sijaisikiliza bado maana nilikuwa barabarani. Tuiweke tusikie."

"Hakuna!" Mjomba akamzuia na mkono. "Siku hizi vijana wanatengeneza mpaka sauti ya mtu aliyekufa. Nimeona mtandaoni. Hutaniletea uchawi wa kompyuta nyumbani kwa mama yangu. Na hako kamtandao kako kenyewe ka kitapeli. Kwa nini huna app ya maana, ya Play Store, kama wafanyabiashara wenzako? Kalinki tu ka WhatsApp, ndiyo maana watoto wanakachezea."

Daktari alikuwa mpole mpaka hapo. Hapo akachemka.

"Mzee, nichafue mimi, kazi yangu usiichafue. App ya maana nilikuwa nayo."

Akageukia watu.

"Kina mama si mnaikumbuka? Nilitengenezewa na kijana wa Arusha. Inang'aa. Nikaenda nayo kanisani, baada ya ibada, pale kwenye mnada mkinunua ndizi na mayai. Nani aliweza kuiweka?"

Kina mama wakaangaliana. Mmoja akacheka kidogo, akajiziba mdomo.

Mimi nakumbuka ile Jumapili. Simu ya Bibi iligoma, ikaandika nafasi imejaa. Daktari akamwambia, "Bibi, tufute hizi video za kwaya, app itaingia." Bibi akamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Nifute kwaya niweke ng'ombe? Wewe kijana umebatizwa kweli?"

Watu walicheka mpaka mnada ukasimama.

"Walioweza walikuwa wawili," daktari akaendelea, "na mmoja ni mwalimu. Wengine nafasi hakuna. Wengine simu inakataa kabisa, inasema ni ya zamani mno. Na mnajua kwa nini ni za zamani? Nyie wa mjini mkinunua simu mpya, ile iliyochoka mnamletea mama Krismasi. Mnapiga naye picha, mnarudi zenu."

Baadhi ya wanaukoo waliotoka mjini wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Na kila nikirekebisha kitu kidogo kwenye app, kila mtu aipakue upya. Bando hilo nani anampa mama wa Marangu? Nilitangaza, nikalipia, mwisho ikawa wateja wangu ni vijana wa mjini wasio na hata kuku. Wenye ng'ombe wote wamebaki nje. Nikamwambia yule kijana, achana nayo. Nitengenezee kitu kinachofunguka na simu waliyonayo."

Akainua simu juu.

"Ndiyo hii. Linki. Unabonyeza mara moja, unaiweka kwenye kioo cha simu, inakaa pale na picha ya kichwa cha ng'ombe kama app yoyote. Hailazimishi mtu kufuta kwaya. Nikirekebisha kwangu, kwenu imesharekebika. Asiyejua kuandika anaongea tu. Na kama bando limeisha, au mtandao umekata, haipotezi. Inashika maneno yako, inakaa nayo. Simu ikija kupata mtandao, inatuma yenyewe."

Meku Ezra, mzee wa ukoo wetu, masikio yake ni mazito. Alikuwa anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, taratibu, sikudhani hata anafuata.

"Inatuma yenyewe?" akauliza. "Hata mwenyewe akiwa hayupo?"

"Hata akiwa amelala, meku."

Hapo ndipo kitu kikanigonga kichwani.

Asubuhi ile nilikuwa nafagia sebuleni. Simu ya Bibi ilikuwa dirishani kwenye chaji. Tangu Jumanne ilikuwa imezima, Mjomba anatembea nayo kwenye koti. Na ilikuwa inalia mfululizo, ting, ting, ting, ting, kama simu ambayo haijaona mtandao siku nyingi.

Nikamwangalia mama. Mama alikuwa ameinama, anachukua kitenge chake anakikunjakunja. Alikuwa tayari ameshakubali. Nilimwona kabisa ameshakubali kuondoka.

Dah.

Nikaweka trei chini kwenye majani.

"Mjomba."

Sijui ilitokaje, lakini ilitoka.

"Unasemaje wewe?"

"Shika... Mjomba, samahani. Simu ya Bibi, leo asubuhi umeiwekea bando?"

"Ndiyo nimeiweka. Nilitaka kuwashukuru wale kina mama wa kanisani kwenye kundi lao. Kwani ni kosa?"

"Kabla ya leo ilikuwa na bando?"

Akajipapasa mfuko wa koti.

Kila mtu hapo nyumbani alikuwa anajua. Bando la Bibi alikuwa analinunua Mjomba kutoka Moshi, na mwezi ule alikuwa amelikata. Alisema Bibi anaangalia sana kwaya, linaisha kama maji.

Daktari alikuwa ameshaelewa. Akaibonyeza simu yake, akashuka chini kwenye lile ombi, akasoma. Akasoma tena.

"Limefika leo," akasema, sauti imeshuka. "Lakini halijaandikwa leo. Limeandikwa Jumanne."

"Jumanne ipi?" mama akauliza.

"Jumanne iliyopita, mama. Asubuhi."

Mama akakaa chini. Pale pale kwenye udongo.

Kwa hiyo aliyemwita daktari ni Bibi mwenyewe. Na aliyetuma lile ombi, bila kujua, ni Mjomba.

Nilidhani yameisha. Nilidhani tumepona.

"Iweke hiyo sauti," meku Ezra akasema. "Weka juu, mimi sisikii vizuri."

Mjomba hakuzuia tena.

Daktari akabonyeza.

Kwanza zikasikika pumzi. Pumzi za mtu aliyepanda mlima. Halafu Bibi.

"Daktari. Ni mimi Elisifa."

Mama Bernadetha akaanza kulia hapo hapo.

"Ng'ombe hajambo. Dawa usilete. Ni mimi. Kifua kimenibana, nimekaa hapa kwenye majani ya ng'ombe, kuinuka siwezi. Aikaeli yuko sokoni, simu yake haipatikani. Yoramu nimempigia, nimempigia tena, hapokei. Atadhani naomba bando."

Akapumzika. Tukamsikia anapumua.

"Jirani wote wameshuka tambarare kukata majani. Namba yako sina, nina hii picha ya ng'ombe tu. Nikasema nikubonyeze wewe. Wewe ukiitwa unakuja. Njoo basi, baba."

Tukadhani imeisha. Kumbe bado.

"Ukikuta Rachel ametoka shule, mwambie uji wake uko kwenye chupa."

Ikakata.

Watoto waliokuwa wanacheza kwenye kahawa wakaja kusimama nasi, sijui nani aliwaita.

Ule uji mimi niliukuta ile Jumanne. Msibani mtu aliumwaga ili chupa iwekwe chai ya wageni. Sikuunywa.

Mjomba akatoa simu yake mwenyewe mfukoni. Akaiangalia, akairudisha. Akaitoa tena. Hakuhitaji kuangalia. Alikuwa anajua ile Jumanne nani alimpigia na kwa nini hakupokea.

"Nilikuwa na mteja dukani," akasema. Hakuna aliyemuuliza.

Halafu daktari akasema kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kuliko vyote.

"Na mimi naombeni msamaha," akasema. "Ukimaliza kuongea, kioo kinaandika 'Asante, tumepokea, subiri.' Kinaandika hivyo hata kama haijaenda. Yule kijana alisema wateja wanapenda kuona hivyo, na mimi nikaona sawa."

Akafuta uso na kofia.

"Kwa hiyo Bibi alijua nakuja."

Jamani.

Bibi alikaa pale kwenye majani ananisubiri mimi nitoke shule, na anamsubiri daktari ambaye hajui kama anasubiriwa. Angeambiwa haijaenda, labda angejikokota mpaka barabarani. Labda angepiga kelele. Labda isingesaidia. Hakuna anayejua, na hilo ndilo linatutafuna.

Simu ya Mjomba ikaita.

Akapokea mlio wa kwanza.

"Eeh. Eeh, umefika wapi? Rudi. Rudi tu Himo. Ng'ombe hauzwi."

Akakata. Akasogea mpaka pale mama alipokaa, akachuchumaa, suti yote ikagusa udongo.

"Aikaeli. Mbaki hapa. Wewe na mtoto. Hiki kihamba hakuna atakayewagusa, nasema mbele ya meku."

Mama hakumwangalia.

"Mimi nilizima simu yangu, Yoramu," akasema. "Nilizima ili chaji isiishe, ndiyo maana hakunipata. Kwa hiyo usiniombe msamaha leo. Leo sina pa kuuweka."

Wakabaki wamekaa hivyo hivyo, kaka na dada, mpaka meku Ezra akasema kikao kimefungwa.

Tumebaki. Lulu yupo, namkatia majani nikitoka shule. Mjomba anakuja kila Jumamosi, anakaa na mama jikoni, hawaongei sana. Akipigiwa simu na namba yoyote anapokea, hata ya matangazo.

Sikuwaambia shuleni. Naandika hapa kwa sababu hapa hamnioni uso.

Daktari Remigius hakurudisha app. Wengi walimwambia, "Ona hicho kilinki chako kilivyofanya, kanunue kitu cha kisasa." Akawaambia hapana, ingekuwa app ya Play Store sauti ya Bibi isingekuwepo kabisa, maana kwenye ile simu isingeingia. Alichofanya ni kubadilisha maneno. Sasa kama haijaenda, kioo chote kinakuwa chekundu na maandishi makubwa: BADO HAIJAENDA. PIGA HAPA. Na namba ya kawaida iko pale chini, ya kupiga bila bando. Hakuna mama aliyehitaji kupakua kitu. Alibadilisha kwake jioni, asubuhi kila simu ya Marangu iliyopata mtandao ikawa imebadilika.

Juzi nilikutana naye pale njia panda ya kanisa, akasimamisha pikipiki.

"Rachel, leo nimeitwa na bibi mmoja huko juu. Alama nyekundu kabisa, haraka."

"Ng'ombe wake ana nini?"

"Hana ng'ombe. Alishauza zamani."

"Sasa?"

"Alikuwa na homa, yuko peke yake. Nikampakia mpaka zahanati." Akawasha pikipiki. "Wanaongezeka, wewe. Naona wameambiana."

Akaondoka.

Mimi ni mtoto wa shule tu, sina la kuwafundisha. Ila nyie mnaotengeneza vitu vya simu, msiijaribu kazi yenu kwenye simu yenu. Ijaribuni kwenye simu ya mama yenu, ile mliyompa nyie wenyewe, imejaa kwaya, haina bando. Ikikubali pale, biashara ipo. Na kama ujumbe haujaenda, mwambieni ukweli kwamba haujaenda.

Na wewe uliye mjini, mama akikupigia ukiwa na mteja, mwambie mteja asubiri kidogo. Muulize kwanza yuko wapi na yuko na nani.

Mengine atakuambia mwenyewe.